Maswali ya Wasomaji: Mchoro wa Moduli Unaotoka Kwenye Msimbo Wenyewe

Barua kadhaa zilizofika mezani zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kupata nyaraka na michoro ya ngazi za moduli (vipande vinavyojengwa kimoja ndani ya kingine) kutoka kwenye msimbo wa Verilog au VHDL, yaani lugha za kuandikia muundo wa chipu, bila mtu kukaa kuichora kwa mkono. Nimezijibu pamoja, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake ndimo lilimo tatizo lenyewe.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa kompyuta. Nimekabidhiwa mradi wa Verilog ulioachwa na waliotutangulia, faili zaidi ya thelathini bila hata ukurasa mmoja wa maelezo. Nimeandika programu fupi ya Python inayotafuta kila mahali ambapo moduli moja inaita nyingine, kisha inachora mti kwa Graphviz, programu ya kuchora michoro. Mchoro umetoka vizuri, lakini msimamizi wangu anasema una moduli ambazo kwenye chipu hazimo, na kwamba kuna nyingine imo kwenye chipu lakini mchoroni haipo. Nimekosea wapi? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Programu yako imesoma sawasawa, ila imesoma kitu kisichotosha. Maandishi ya Verilog hutaja moduli zinazoweza kuwapo. Zile zitakazokuwapo kweli huamuliwa katika hatua inayofuata baada ya faili kusomwa, ambayo watu wa kazi hii huiita elaboresheni. Hapo ndipo kifaa cha usanisi (kinachogeuza msimbo kuwa saketi) au cha uigaji (kinachoujaribu kwenye kompyuta) kinaposhika moduli ya juu kabisa, kikaweka thamani ya kila kigezo, kikapima kila sharti la "generate" (neno linaloamua kipande gani kijengwe), kikalitupa tawi ambalo sharti lake halikutimia, kisha kikashuka ngazi moja na kuirudia kazi hiyo hadi chini kabisa. Programu inayolinganisha herufi huliona kila tawi, lililo hai na lililotupwa, na yote huyachora kwa wino uleule.

Tuchukue mfano ambao unaweza kuupakua na kuujaribu mwenyewe. PicoRV32 ni kichakataji kidogo cha RISC-V kilichoandikwa na Claire Wolf, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Faili yake kuu, picorv32.v, ina moduli 8: kichakataji chenyewe, vizidishi viwili ambavyo kimoja ni cha polepole na kingine ni cha haraka, kigawanyi, moduli ya rejista, na moduli tatu za kukiunganisha kichakataji na njia za AXI na Wishbone. Programu yako ikiisoma faili hiyo itasema kwamba picorv32 ina watoto watatu, yaani vizidishi vyote viwili na kigawanyi. Jibu hilo si kweli kwa chipu yoyote ile, kwa kuwa vizidishi hivyo vimewekwa kwenye matawi mawili ya sharti moja. Kigezo cha ENABLE_FAST_MUL kikiwa 1 huingia kile cha haraka. La sivyo, ENABLE_MUL ikiwa 1 huingia kile cha polepole. Na vigezo vyote viwili vikiwa 0 hakiingii chochote. Zaidi ya hapo, thamani za awali za vigezo hivyo, pamoja na ENABLE_DIV ya kigawanyi, ni 0. Maana yake ni kwamba picorv32 ikijengwa peke yake bila kubadilishwa chochote, mti wake wote ni nodi moja isiyo na mtoto.

Hizo ndizo moduli "zisizomo" alizokuonyesha msimamizi wako. Ile "iliyomo lakini haionekani" pengine imefichwa na makro, yaani jina linalobadilishwa na maandishi mengine kabla msimbo haujasomwa. Katika PicoRV32 moduli ya rejista haiitwi kwa jina lake, bali kwa makro ya PICORV32_REGS. Makro hiyo ikiwa haijatangazwa, rejista hukaa ndani ya kichakataji kama safu ya kawaida. Ikitangazwa, hugeuka kuwa moduli inayojitegemea, na jina la moduli hiyo ni lolote aliloliandika mtangazaji. Kwenye mradi wa PicoSoC, ambao ni mfumo mdogo uliojengwa juu ya kichakataji hikihiki, faili ya picosoc.v hutangaza kwamba jina hilo ni picosoc_regs. Ukilitafuta neno picosoc_regs ndani ya picorv32.v hutalipata, ilhali kwenye chipu moduli hiyo imo. Hata mpangilio wa kusoma faili una uzito wake: picosoc.v isiposomwa kabla ya picorv32.v, msimbo wenyewe hutoa kosa na kukuamuru ubadilishe mpangilio. Waandishi wengi hawaweki ulinzi wa namna hiyo, na hapo mti hubadilika kimyakimya.

Kwa hiyo usiyaulize maandishi. Kiulize kifaa ambacho kimekwisha kuyajenga. Yosys, kifaa cha usanisi ambacho pia kilianzishwa na Claire Wolf, itakujibu bila malipo. Ukiwa ndani ya folda ya picosoc, andika hivi:

yosys -p "read_verilog picosoc.v ../picorv32.v spimemio.v simpleuart.v; hierarchy -check -top picosoc; proc; write_json mti.json"

Soma kwa makini yanayopita kwenye skrini wakati amri ya hierarchy inafanya kazi. Utaona orodha ya moduli zinazotumika, kila moja imesogezwa ndani kulingana na ngazi yake, na baadaye utaona mistari inayosema moduli fulani inaondolewa kwa kuwa haitumiki. Mistari hiyo ya kuondoa ndiyo dawa ya mchoro wako wa kwanza, kwa sababu humo zitatajwa moduli za AXI na Wishbone pamoja na kizidishi cha haraka. Kinachobaki, nikiandika jina la nakala kwanza na aina ya moduli baadaye, ni hiki:

picosoc
    cpu : picorv32
        cpuregs : picosoc_regs
        pcpi_mul : picorv32_pcpi_mul
        pcpi_div : picorv32_pcpi_div
    spimemio : spimemio
        xfer : spimemio_xfer
    simpleuart : simpleuart
    memory : picosoc_mem

Kizidishi na kigawanyi vimejitokeza hapa kwa sababu picosoc huvipa vigezo vya ENABLE_MUL na ENABLE_DIV thamani ya 1. Sasa jenga mradi uleule kwa ajili ya ubao wa iCEBreaker, ambako moduli ya juu inaitwa icebreaker. Hapo ENABLE_MUL na ENABLE_DIV hurudishwa kuwa 0, ENABLE_FAST_MUL huwekwa 1, na moduli ya kumbukumbu hubadilishwa kwa makro nyingine ikawa ice40up5k_spram. Kigawanyi kimetoweka, kizidishi si kile tena, kumbukumbu imekuwa ya aina nyingine, na hakuna hata herufi moja iliyoguswa ndani ya picorv32.v. Faili hizohizo zimezaa miti tofauti, na kila mmoja ni wa kweli kwa ujenzi wake. Ndiyo maana napenda kuona chini ya kila mchoro pameandikwa jina la moduli ya juu na thamani za vigezo vilivyotumika. Mchoro usio na maelezo hayo mimi siutegemei.

Programu yako ya Python usiitupe. Ielekeze kwenye faili ya mti.json (JSON ni mtindo wa kuandika data kwa maandishi) badala ya faili za Verilog. Humo kila moduli ina sehemu inayoitwa "cells", na kila kimoja kati ya vilivyomo kina "type", yaani aina yake. Jihadhari na jambo moja. Vijenzi vya ndani vya Yosys, kama vile vijumlishi na vichaguzi, vina majina yanayoanza na alama ya dola, na utashawishika kuvichuja vyote kwa alama hiyo. Usifanye hivyo, kwa sababu moduli zako zilizobadilishiwa vigezo nazo hupewa majina yanayoanza na $paramod. Chujio sahihi ni kuuliza kama aina hiyo imo kwenye orodha ya moduli za faili hiyohiyo: ikiwamo, ichore, isipokuwamo, iache. Amri ya proc usiiondoe pia, kwani bila hiyo Yosys itakataa kuandika JSON.

Nimelishikilia jambo hili kwa kuwa limewahi kunigharimu. Katika kazi moja ya zamani tulikuwa na kichakataji cha namna hii na mchoro mzuri uliobandikwa ukutani, wenye kizidishi kilichochorwa kwa rangi ya buluu. Programu yetu ilikuwa ikisimama kila ilipofika kwenye amri ya kuzidisha, nasi tukatumia siku mbili nzima kupima ishara za kizidishi hicho, tukishangaa kwamba hakuna hata moja inayosogea. Kigezo kilikuwa 0. Kizidishi hakikuwapo kwenye chipu tangu mwanzo, na aliyechora mchoro alikuwa ameusoma msimbo kama ulivyousoma wewe.

SWALI: Ndugu mshauri, timu yetu inaandika VHDL. Tumeisimika Doxygen, programu inayozalisha kurasa za nyaraka kutoka kwenye maelezo ya msimbo, na kuiendesha juu ya mradi mzima, lakini kurasa zimetoka karibu tupu, ingawa msimbo wetu umejaa maelezo. Je, Doxygen inaifahamu VHDL kweli? Na je, tuitumie pia kwa mchoro wa ngazi za moduli? — Mhandisi, Nairobi

JIBU: Inaifahamu, ila ina masharti mawili ambayo wengi huyapita. La kwanza liko kwenye faili ya mipangilio: OPTIMIZE_OUTPUT_VHDL lazima iwe YES, na kwa majaribio ya mwanzo weka EXTRACT_ALL nayo iwe YES ili hata vitu visivyo na maelezo vionekane na mjue mnadaiwa nini. La pili liko kwenye msimbo. Maelezo ya kawaida ya VHDL huanza kwa vistari viwili, na hayo Doxygen huyaruka. Husoma yale yanayoanza kwa vistari viwili vikifuatwa na alama ya mshangao. Bila shaka maelezo yenu yote ni ya aina ya kwanza. Msiyabadilishe kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa sehemu kubwa ya maelezo ya kawaida ni ya kumkumbusha mwandishi mwenyewe na hayastahili kuchapishwa. Yapitieni, na mchague yale yanayomhusu mtu atakayeitumia moduli bila kuifungua.

Maelezo huwekwa kabla ya kitu kinachoelezwa. Milango ya moduli peke yake ndiyo inayoruhusiwa kuwa na maelezo baada yake, kwenye mstari uleule:

anza : in std_logic; --! Mpigo mmoja wa saa. Ukishikiliwa juu zaidi ya hapo, kazi haianzi upya.
tayari : out std_logic --! Hupanda matokeo yakiwa halali na hubaki juu hadi anza ipande tena.

Tazameni sentensi hizo mbili. Hazisemi kwamba anza ni mlango wa kuingia wala kwamba una biti moja, kwa maana hayo Doxygen itayaandika yenyewe. Zinasema yale yasiyoonekana kwenye tangazo la mlango.

Kuhusu ngazi za moduli, nitawarudisha kwenye jibu lililotangulia: Doxygen husoma maandishi, haijengi muundo. Kwa VHDL tumieni GHDL, kifaa cha uigaji kilichoanzishwa na Tristan Gingold. Baada ya kuchanganua na kujenga mradi, endesheni moduli ya juu au ya majaribio mkiongeza chaguo mbili, --disp-tree=inst na --no-run. Chaguo la kwanza huchapa mti wa nakala zote jinsi zilivyojengwa, na la pili huizuia programu isianze kuiga mpigo hata mmoja wa saa. Jibu huja upesi hata kwa mradi mkubwa, na mti huo ni maandishi matupu ambayo programu yoyote fupi inaweza kuyageuza kuwa mchoro. Jambo hili lina uzito wa pekee katika VHDL kwa sababu kijenzi kilichotangazwa kwa neno "component" hufungwa na moduli yake baadaye, na pengine kwa njia ya "configuration" iliyo kwenye faili nyingine kabisa. Mkiandika moduli mpya, iiteni moja kwa moja kwa "entity work", kama toleo la 1993 la lugha hii lilivyoruhusu, nanyi mtakuwa mmempunguzia msomaji kitendawili kimoja.

Niongeze jambo ambalo naona vijana wengi hawajaambiwa. VHDL ilizaliwa ikiwa lugha ya nyaraka. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliihitaji ili kila mkandarasi aliyeiuzia chipu aeleze kwa maandishi yasiyo na utata namna chipu hiyo inavyofanya kazi, na lugha hiyo ikawa kiwango cha IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, mwaka 1987. Kuitumia kujenga chipu moja kwa moja kutoka kwenye maandishi kulikuja baadaye. Timu inayoandika VHDL isiyo na maelezo inakiuka kusudi la kwanza la chombo inachokitumia.

SWALI: Mkuu wangu wa kitengo ameona kurasa zinazozalishwa na kompyuta, na sasa anasema tusiandike tena mwongozo wa mtumiaji kwa kuwa "kila kitu kinatoka chenyewe". Nimjibu vipi bila kumvunjia heshima? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Mpelekee mlango mmoja na umwombe akueleze maana yake kwa kutumia kurasa hizo tu. Ninakuchagulia: katika simpleuart, moduli ya PicoSoC ya kutuma na kupokea herufi, kuna mlango unaoitwa reg_dat_wait. Ukurasa uliozalishwa utamwambia kwamba ni mlango wa kutoa, wenye biti 1. Ukweli anaouhitaji mtumiaji ni huu: ukiandika herufi mpya wakati iliyotangulia bado inatumwa, ishara hiyo hupanda, nawe unapaswa kuishikilia data yako bila kuibadilisha hadi ishuke. Vivyo hivyo kwa upande wa kupokea. Anwani ya 0x02000008 ndiyo ya kuandika na kusoma herufi, na ukisoma kabla herufi haijafika, unarudishiwa biti zote 32 zikiwa 1. Mwandishi wa programu asiyelijua hilo ataichukua thamani hiyo kama herufi halali, na atakesha akitafuta kosa kwenye waya.

Mkuu wako ana haki katika upande mmoja, na umkubalie waziwazi. Upana wa milango, majina ya vigezo na thamani zao za awali, mti wa nakala, na majedwali ya rejista ni mambo ambayo mtu hapaswi kuyanakili kwa mkono, kwa sababu nakala ya mkono huzeeka siku msimbo unapobadilika. Kwa rejista hasa, pendekeza SystemRDL, lugha ya kueleza rejista ambayo toleo lake la 2.0 lilitolewa na Accellera, shirika la viwango vya usanifu wa chipu, mwaka 2018. Mnaandika maelezo ya rejista mara moja, kisha vifaa vya PeakRDL vinazalisha kutoka humo msimbo wa SystemVerilog, faili ya vichwa ya C kwa watu wa programu, na kurasa za HTML kwa wasomaji. Anwani ikibadilika inabadilika kotekote kwa pamoja, na ugomvi wa kila siku kati ya watu wa maunzi na watu wa programu kuhusu nani ana jedwali la kweli unakwisha.

Yaliyobaki kwa binadamu ni machache lakini mazito: mpangilio wa kuziandika rejista wakati wa kuwasha, ishara ipi ni ya saa ipi, kiasi cha mipigo kati ya ombi na jibu, na sababu ya kuchagua njia hii badala ya ile. Mambo ya mipigo yaelezwe kwa mchoro wa mawimbi. WaveDrom huchora mawimbi hayo kutoka kwenye maandishi mafupi ya JSON, na TerosHDL, ambayo ni kiongezo cha VS Code, kihariri cha msimbo, huyachora hata yakiwa yameandikwa ndani ya maelezo ya moduli, pamoja na kuchora mashine za hali ilizozitambua kwenye msimbo. Kwa njia hiyo anayebadilisha mipigo anaukuta mchoro uko mistari michache tu juu ya mkono wake, naye hana kisingizio cha kuuacha.

Kwa hiyo mwambie mkuu wako kwamba mwongozo utapungua kurasa, na kwamba kurasa zitakazobaki ndizo zinazomhitaji mtu anayeijua kazi.

SWALI: Amri ya show ya Yosys imenipa mchoro mpana kuliko skrini tatu, hausomeki kabisa. Nifanyeje? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Inaelekea umeendesha usanisi wote kwanza, au umetumia flatten, ambayo huvunja kuta zote za moduli na kumwaga vijenzi vyote mahali pamoja. Anza upya, ishia kwenye hierarchy, proc na opt, kisha chora moduli moja kwa wakati, kwa mfano:

show -format svg -prefix uart simpleuart

Moduli zilizo ndani ya ile unayoichora zitabaki masanduku yaliyofungwa, na ndivyo unavyotaka. Ikiwa unahitaji sura ya kuweka kwenye ripoti, ipeleke JSON ya moduli ndogo kwa programu ya netlistsvg, kwani alama zake za saketi zinapendeza zaidi. Kwa moduli ulizonunua zikiwa zimefungwa kwa siri, ambazo Yosys haiwezi kuzisoma, andika ganda lenye milango tu na uliwekee alama ya blackbox, ili hierarchy -check isikukatalie na ili msomaji aone kwamba pale pana kitu ambacho hata wewe hukukifungua.